Maoni: Picha haina karatasi tena, lakini ingali na bei

Ni saa nne ya usiku, siku ya Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa kata ya Himbi, mjini Goma. Keki imekwisha kukatwa, zawadi zimekwisha kutolewa, wageni wanaanza kutafuta pikipiki za kuwarudisha nyumbani. Mpiga picha, ambaye yuko kazini tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, anamkaribia mjomba wa bwana harusi, mwenye kushika pesa za kamati.

“Papa, na ile yangu iliyobaki?”

Mjomba anamweka mkono begani. “Mwanangu, usijali. Utapita nyumbani Jumatatu. Si uko mtoto wa kwetu?”

Jumatatu mjomba hayuko nyumbani. Jumanne simu yake haipatikani. Jumatano ni dada ya bibi harusi ndiye anayeandika kwenye WhatsApp: picha ziko wapi, watu wanazingoja, tuma hata kumi za kuweka kwenye statusi. Mpiga picha anatuma kumi. Kesho yake anatuma ishirini. Siku picha zote zinapofika, hakuna tena anayemtafuta, na deni lake limezikwa.

Wapiga picha wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanaijua vema Jumatatu hiyo. Na si kwamba familia ile ni ya wezi. Mjomba huyohuyo hakutoka ukumbini bila kulipa viti, vinywaji, muziki na gari lililopambwa maua. Viti vilihesabiwa, chupa zilihesabiwa, hata sahani iliyovunjika ilihesabiwa. Kazi ya mpiga picha peke yake ndiyo haikuhesabiwa, kwa sababu hakuna aliyejua ihesabiwe namna gani.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Tangu picha ilipoacha kuwa karatasi, mteja hajui tena ananunua nini, na mpiga picha mwenyewe mara nyingi hajui anauza nini. Ikiwa pande mbili hazitasema wazi ni kitu gani kinachouzwa, kazi hii itakufa mikononi mwa vijana wanaoiweza, na familia za mashariki mwa Congo ndizo zitakazopoteza zaidi.

Negatifu ilibaki studio

Watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanakumbuka. Filimu moja ilikuwa na picha 36. Mpiga picha hakubofya ovyo, kwani kila kubofya kulikuwa na gharama yake: filimu, dawa za kusafishia, karatasi. Mteja alikwenda studio, akakaa mbele ya pazia lililochorwa maua ao maporomoko ya maji, akatoa avansi, akapewa kikaratasi chenye tarehe ya kurudi. Siku ilipofika, alilipa iliyobaki na kuondoka na picha zake ndani ya bahasha. Bei ilifuata ukubwa wa karatasi na hesabu ya nakala. Ubishi haukuwa mwingi.

Kulikuwa pia na jambo lingine ambalo halikusemwa kwa sababu kila mtu alilijua: mara nyingi negatifu ilibaki studio. Mama akitaka nakala nyingine ya kumtumia mwanawe aliye Kisangani, alirudi kwa mpiga picha yuleyule na kulipa tena. Ni kusema kwamba mteja alinunua nakala. Kazi yenyewe iliendelea kuwa ya yule aliyeifanya. Mkataba haukuandikwa, lakini desturi iliulinda.

Historia ya Kinshasa inaonyesha negatifu ile ilikuwa na uzito gani. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apate kumbukumbu ya harusi yake mwenyewe. Kisha akahamia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na mwanamuziki Franco akamchukua awe mpiga picha wake. Usiku Depara alizunguka katika baa na sehemu za dansi, akiwapiga picha vijana waliovaa vizuri. Ilikuwa kazi ya kutafuta chakula, kama kazi nyingine yoyote ya mji. Alifariki mwaka 1997. Mwaka 2015 picha zake zilikuwa miongoni mwa kazi zilizowekwa ukutani mjini Paris, katika maonyesho ya Fondation Cartier yaliyoitwa Beauté Congo. Nakala aliyoondoka nayo kijana wa baa pengine ilikwisha kuliwa na mchwa. Picha iliyobaki kwa mpiga picha ndiyo iliyovuka bahari.

Kule Lubumbashi, Sammy Baloji alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga akaziweka juu ya picha mpya za viwanda vilivyobaki magofu. Kazi hiyo ilimjulisha duniani. Bila mtu kuhifadhi zile picha za kale, asingekuwa na kitu cha kuweka juu ya magofu. Si ajabu kwamba mikutano ya sanaa ambayo yeye na wenzake walianzisha Lubumbashi mwaka 2008 waliipa jina la Kiswahili: Picha.

Leo mteja anamwambia mpiga picha: “Utupe zote, hata zile ambazo haujatengeneza.” Pengine hajui, lakini anachoomba ndiyo ile negatifu. Anaiomba bure, tena juu ya deni.

Hesabu ya Jumamosi moja

Wengi husema: kubofya si kazi, kidole tu. Basi ichukuliwe harusi moja kama mfano, kwa hesabu nyepesi ambayo kila mtu anaweza kuirudia kwa bei za mji wake.

Mpiga picha amekubaliana dola 200. Amepewa avansi ya dola 100. Msaidizi anayeshika taa anachukua 20. Pikipiki za kwenda saluni, kanisani, kando ya ziwa na ukumbini zinakula 10. Petroli ya jenereta wakati umeme umekatika, pamoja na bando ya intaneti ya kutuma picha, ni 15. Albamu ya kuchapa ni 45. Jumla ya matumizi ni dola 90. Akilipwa yote, anabaki na dola 110.

Sasa zihesabiwe saa. Kutoka saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka saa nne ya usiku ni saa 16. Amerudi na picha 1.500, kuzipitia moja moja na kuchagua 300 kunachukua saa 5. Kusafisha kila picha, ni kusema kurekebisha mwanga, rangi ya ngozi na mipaka, kwa dakika 3 tu kila moja, ni dakika 900, sawa na saa 15. Jumla ni saa 36. Dola 110 kwa saa 36 ni dola 3 hivi kwa saa moja.

Na kama mjomba hakulipa ile iliyobaki? Avansi ya dola 100 ukitoa matumizi ya dola 90, anabaki na dola 10. Amefanya kazi saa 36 kwa dola 10.

Hapo kamera yenyewe bado haijahesabiwa. Watengenezaji wengi hupima mtambo wa ndani wa kamera ya kiwango cha kati kwa mibofyo kati ya 100.000 na 200.000. Kwa mibofyo 1.500 kila harusi, harusi 100 zinamaliza mibofyo 150.000. Mtu anayefanya harusi mbili kwa juma anakaribia mwisho wa kamera yake katika mwaka mmoja. Kama hakuweka kando kitu kidogo kila Jumamosi, siku kamera itakapokataa atauza pikipiki ao ataomba familia. Wengi waliacha kazi siku kama hiyo. Picha nzuri walijua kupiga; hesabu hii ndiyo hawakuwa wameifanya.

Simu haikuua kazi hii

Jibu la haraka ni kwamba kila mtu sasa ana simu yenye kamera nzuri. Ni kweli, na wapiga picha wanaolaumu simu wanapoteza muda. Simu inapiga vizuri mchana, kwenye mwanga, mtu akiwa amesimama. Kwa picha ya mtoto akicheza mbele ya nyumba, hakuna haja ya kumwita mtu wa kulipwa.

Lakini pete inavalishwa mara moja. Mama wa bibi harusi analia mara moja, anapomkabidhi binti yake kwa familia nyingine siku ya mahari. Padri ao mchungaji hatarudia maneno yale kwa sababu simu ya shemeji ilijaa. Mpiga picha wa kazi analipwa ili picha ile isikosekane. Amekuja na kamera mbili, kwani moja inaweza kugoma. Ana betri za akiba, kwani umeme wa mji hauaminiki. Anajua flashi ielekezwe wapi ndani ya kanisa lenye giza ili nyuso za weusi zisigeuke kivuli na gauni jeupe lisigeuke karatasi tupu. Anajua asimame wapi kabla ya jambo kutokea. Akikosa, hawezi kusema “samahani” kama mgeni mwenye simu. Anachouza ni dhamana hiyo, na dhamana ina bei katika kazi zote, iwe ya dereva, ya fundi wa umeme ao ya daktari.

“Haki zote, popote, milele”

Harusi ni upande mmoja tu wa biashara hii. Upande mwingine ni wa kampuni, hoteli, maduka na hasa mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo kwa miaka mingi yamejaa Goma na Bukavu. Huku malipo hufika kwa wakati zaidi, lakini kitu kinachouzwa kinafichwa katika maandishi madogo.

Mpiga picha anaitwa kwa siku moja kwenda kupiga ugawaji wa maji ao wa chakula. Analipwa siku yake. Anatia sahihi karatasi ya Kifaransa ao ya Kiingereza inayosema kwamba anatoa haki zote, popote duniani, kwa wakati wote. Miezi michache baadaye picha iko kwenye ripoti ya mwaka. Mwaka unaofuata iko kwenye kalenda. Mwaka wa tatu iko kwenye bango la kutafuta michango katika mji wa Ulaya ambako hajawahi kufika, bila jina lake pembeni. Alilipwa siku moja. Picha inafanya kazi miaka mitano.

Sheria haiko kimya. Congo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Tena nchi imo katika Mkataba wa Berne, ambao unataja wazi picha za kamera kati ya kazi zinazolindwa na kuzipa ulinzi wa miaka isiyopungua 25. Kuna pia SOCODA, shirika lenye jukumu la kusimamia haki za watunzi nchini. Lakini mitaani, jina hilo linapotajwa, watu wengi hufikiria wanamuziki. Mpiga picha wa Butembo haoni kwamba mlango ule ni wake pia, na hakuna aliyesafiri hadi kwake kumwambia.

Wafanyabiashara wadogo wana namna yao. Mwenye saluni anaona picha nzuri ya bibi harusi kwenye Facebook, anaipakua, anakata jina la mpiga picha lililoandikwa chini, anaichapisha kwenye bango lake. Akiulizwa anashangaa: “Si ilikuwa kwenye intaneti?” Ndizi zilizopangwa sokoni nazo ziko wazi mbele ya kila mtu, hakuna anayeziokota na kwenda zake.

Na kuna mtu wa tatu ambaye pande zote mbili humsahau: yule aliye ndani ya picha. Mama wa kambi ya wakimbizi wa ndani, kijana aliyetoka mikononi mwa kikundi cha silaha, msichana aliyetendewa jeuri. Sura yake ikizunguka, hatari inaweza kumfuata hadi nyumbani. Kanuni ya mambo ya kidijitali iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023 inahusu pia ulinzi wa habari binafsi za mtu. Lakini kabla ya sheria kuna adabu: mtu aelezwe, kwa lugha anayoisikia, picha yake inakwenda wapi na itakaa huko muda gani, na akikataa, akataliwe na hilo lisimnyime kopo lake la mafuta. Mpiga picha anayedai haki yake juu ya picha hawezi kumnyima haki yule ambaye uso wake ndio picha yenyewe. Vilevile, anayetumia picha za harusi ya mteja kutangaza studio yake bila kuuliza anafanya kosa lilelile analomlaumu mwenye saluni.

Wapiga picha nao wajitazame

Haitakuwa haki kuweka lawama yote kwa wateja. Kuna familia ambazo zilitoa avansi zikangoja picha miezi sita. Nyingine ziliambiwa kompyuta imeibiwa, ao diski imeharibika, na harusi nzima ikapotea. Mtu aliyepoteza picha za harusi yake hatamwamini tena mpiga picha yeyote, na atawasimulia wengine kumi.

Kanuni ya kuhifadhi inajulikana katika kazi hii duniani kote, na haihitaji diploma: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Diski ya pili ni bei, ndiyo, lakini ni sehemu ya kazi, kama vile fundi cherehani asivyoweza kuja bila sindano. Mtu ambaye picha zake zote ziko ndani ya kompyuta moja anayotembea nayo mgongoni usiku hajawa tayari kushika harusi ya watu.

Kosa lingine ni kushushiana bei. Mmoja akisema dola 200, mwingine anasema 100, wa tatu 50, na yule wa 50 hatalipa hata petroli. Anachukua kazi ili apate picha za kuonyesha, anaharibu, na mteja anahitimisha kwamba wapiga picha wote ni sawa. Mteja mwenye pesa kidogo anastahili heshima, lakini njia ya kumsaidia ni kumpunguzia kazi: saa mbili badala ya 16, picha 50 badala ya 300, kanisani tu bila ukumbi, bila albamu. Hapo bei inashuka kwa sababu inayoeleweka, na thamani ya kazi inabaki mahali pake.

Vita na albamu

Kuna watakaosema kwamba huu si wakati wa kujadili bei ya picha. Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango na pesa taslimu ikawa adimu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Familia zinazotafuta unga hazina nafasi ya kufikiri juu ya lenzi na flashi.

Lakini hebu waulizwe watu waliokimbia nyumba zao. Anayekimbia na watoto hachukui albamu. Anachukua godoro, sufuria, karatasi za shule, simu. Wakaaji wa Goma waliona jambo hilo mapema, tarehe 17 Januari 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji. Nyumba zilizoungua ziliungua pamoja na picha za ndani yake: babu aliyekwisha kufa, ubatizo, diploma, harusi. Nyumba ilijengwa tena juu ya mawe meusi. Picha hazikujengwa tena.

Leo simu inaibwa, inavunjika, inaporwa kwenye kizuizi barabarani, na picha zote za familia zinakwenda nayo. Mara nyingi nakala ya mwisho ya uso wa mtu aliyeuawa iko ndani ya diski ya mpiga picha aliyefanya harusi ya binamu yake miaka minne iliyopita. Familia inapohitaji picha ya kuweka juu ya jeneza, inamtafuta yeye usiku, na yeye anaamka, anawasha kompyuta, anatafuta, anakata uso kutoka kwenye kundi la watu, anautuma. Kwa kawaida habishani juu ya malipo usiku huo.

Mtu huyo ndiye aliyeambiwa apite Jumatatu. Akishindwa kuishi kwa kazi yake, atauza kompyuta na diski ili alipe kodi ya nyumba, na atakayenunua atafuta kila kitu ili apate nafasi ya filamu. Jioni ile hakuna atakayejua ni nini kilichofutwa. Ndiyo sababu deni la mpiga picha linagusa watu wengi kuliko yeye mwenyewe.

Karatasi moja inatosha

Karatasi ya picha imekwisha, lakini karatasi nyingine inaweza kuchukua nafasi yake: mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, uliotiwa sahihi kabla ya siku ya kazi. Uandike tarehe na saa ya kuanza na kumaliza. Uandike hesabu ya picha zitakazotolewa na siku zitakapotolewa. Uandike avansi ni kiasi gani, na kwamba iliyobaki inalipwa kabla ya picha kukabidhiwa. Uandike mpiga picha atahifadhi nakala kwa muda gani, mwaka mmoja ao miwili, na nani anaweza kuzitumia kwa matangazo. Uandike pia nini kitatokea kama mpiga picha hakufika ao akachelewa, kwani mkataba unaomlinda mmoja tu hautadumu. Wakati pesa taslimu ni ngumu, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinaacha alama ya malipo ambayo neno la mdomo haliachi.

Kwa mashirika na kampuni, jambo ni jepesi vilevile. Siku ya kazi ina bei yake, na matumizi ya picha yana bei yake. Ripoti ya mwaka mmoja si sawa na bango la nchi tatu kwa miaka mitano. Shirika linaloandika kila siku juu ya haki za binadamu haliwezi kukosa nafasi ya kuandika jina la mtu chini ya kazi yake, ikiwa jina hilo halimletei hatari.

Viongozi nao wana sehemu yao. Kuna woga wa kamera uliobaki tangu zamani, ambapo mtu mwenye kifaa hicho barabarani anaonekana kama mpelelezi, na kila mwenye sare anajipa haki ya kumsimamisha na kumuomba “kitu kidogo”. Kukataza picha za kambi za jeshi ao za daraja ni jambo linaloeleweka. Kumsimamisha kijana aliyeongozana na bwana na bibi harusi kando ya ziwa ni unyang’anyi. Kodi ijulikane, iwe moja, na risiti yake iheshimiwe kila kata.

Vipaji havikosi. Pamela Tulizo, mpiga picha wa Goma, alipata mwaka 2020 tuzo ya Dior ya vijana wa upigaji picha. Wasichana wanaoshika kamera leo wana mfano ulio karibu nao. Lakini tuzo haimlishi mtu anayeanza. Anayeanza analishwa na harusi, ubatizo, picha za paspoti, bidhaa za duka jipya. Hiyo ndiyo shule yake na ndiyo mshahara wake. Pale chini pakikauka, hakuna atakayefika juu.

Turudi basi kwa mjomba wa Himbi. Si mtu mbaya. Kama juma moja kabla ya harusi mtu angemwekea ukurasa ule mezani pamoja na hesabu ya viti na ya vinywaji, angeusoma, angebishana kidogo juu ya bei, kisha angetia sahihi na kutoa avansi. Jumamosi usiku angetafuta iliyobaki mfukoni, kama alivyomtafutia mwenye viti. Na Jumatatu mpiga picha angekuwa nyumbani kwake, mbele ya kompyuta, akisafisha picha za watu badala ya kupiga hodi kwenye milango yao.